Zabibu za Bandol, zabibu za baba

Najua, nimepotea. Wapo waliouliza kama gazeti limenifukuza, na yuko mmoja aliyesikia kwamba nimeoa kimyakimya. Sijafukuzwa na sijaoa. Nilikuwa Ufaransa kwa wiki tatu, mjini Marseille, kwenye mafunzo ya waandishi wa habari. Niliporudi nilikuta jambo la nyumbani ambalo lilibidi limalizike kwanza kabla sijaandika chochote. Limemalizika Jumamosi iliyopita, kwa hiyo leo nakaa chini nisimulie. Ni habari ya mvinyo. Ni habari ya baba yangu pia. Kama una chai, isogeze karibu, maana ni ndefu.

Nianze na baba. Mzee wangu ana ekari moja na nusu ya zabibu kule Hombolo, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Mizabibu ile imenizidi umri. Ada yangu ya sekondari ilitoka pale, na nauli yangu ya kwanza kwenda chuo kikuu ilitoka pale. Kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na nyingi ni zile nyekundu zinazoitwa Makutupora. Nimekua nikizipogoa, nikizifukuzia ndege, nikizibeba kwenye ndoo mpaka bega linachubuka. Nilipopata ajira Dar es Salaam nilimshukuru Mungu kwamba sitazishika tena.

Mwaka jana mwezi Agosti baba alinipigia simu. Mnunuzi aliyechukua zabibu za msimu uliotangulia alikuwa hajamaliza kulipa, na zabibu mpya zilikuwa zimeiva. Zabibu ikiiva haisubiri mtu. Siyo mahindi hayo, useme utayaweka ghalani bei ipande. Wakati huohuo alikuwa amekuja bwana mmoja mwenye gari zuri kuulizia shamba, anataka kukata viwanja. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, mashamba mengi ya pembezoni mwa mji yamegeuka viwanja, na mzee alikuwa ametajiwa fedha ambayo hajawahi kuishika maishani mwake.

Baba akaniuliza: "Wewe ndiye msomi wetu. Unasemaje?"

Msomi nikachukua kalamu. Nikaandika kilo kwa msimu, nikazidisha kwa bei, nikatoa dawa, nikatoa vibarua, nikatoa deni la mnunuzi. Upande wa pili nikaandika fedha ya viwanja. Nikakumbuka na mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa amepata nafasi chuo lakini mkopo wake hautoshi. Nikampigia baba, nikatumia maneno mawili: "Baba, uza."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Haya mwanangu. Ukirudi huko uendako tutakwenda wote kwa mwenyekiti tuandikishane." Basi. Hakubisha. Baba yangu akiwa amekubaliana na wewe hubisha sana. Akiwa ameumia ndiyo husema haya.

Nikapanda ndege nikiwa na lile "haya" masikioni.

Sasa twende Ufaransa. Kwenye mafunzo yale kila mtu alitakiwa kuandika makala moja kuhusu mji au kijiji chochote cha kusini. Mwenzangu wa kutoka Senegal akachagua wavuvi. Mimi nikaulizwa nimetoka mkoa gani, nikajibu Dodoma, kwetu tunalima zabibu. Mkufunzi akaniangalia kama mtu aliyesikia kwamba kuna theluji Kibaha. Akasema, basi nenda Bandol. Akanitafutia na mwenyeji, bibi mmoja mwalimu mstaafu wa jiografia anayeishi Le Beausset.

Kutoka stesheni ya Saint-Charles pale Marseille mpaka Bandol kwa treni ni chini ya saa moja. Reli inafuata pwani: mara bahari, mara miamba meupe, mara misonobari. Bandol penyewe ni mji mdogo wa ufukweni, maboti meupe yamejipanga, watalii wamevaa kaptula. Mizabibu huioni pale. Unapanda gari kuelekea bara, na baada ya dakika chache vilima vinaanza kukuzunguka kama ukumbi wa mpira. Vilima vyote vimekatwa ngazi ngazi na kuzuiwa na kuta za mawe yasiyo na saruji. Wenyewe huziita restanques. Bila kuta hizo mvua ingechukua udongo wote ikaupeleka baharini. Mtu alibeba mawe yale kwa mkono, moja moja, karne na karne. Nilipoziona nikakumbuka bega langu.

Jina Bandol kwa mvinyo linamilikiwa na kata nane tu za eneo lile, na lina sheria zake tangu mwaka 1941. Mvinyo mwekundu wa Bandol lazima angalau nusu yake iwe zabibu inayoitwa mourvèdre (tamka muvedri, usijichoshe). Lazima ukae kwenye mapipa ya mbao si chini ya miezi 18. Zabibu lazima zichumwe kwa mkono, mashine hairuhusiwi. Na mkulima haruhusiwi kujitamba kwa wingi: kikomo cha kawaida ni hektolita 40 kwa hekta, yaani lita 4,000. Nilipoambiwa hilo nikauliza mara mbili. Kwetu mkulima bingwa ni yule anayejaza ndoo nyingi.

Siku ile ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa Septemba na mavuno yalikuwa yanaendelea. Bibi mwenyeji wangu akanipeleka Domaine Tempier, pale Le Plan du Castellet. Nyumba ya zamani, miti mikubwa, kivuli kizuri. Ukipita njiani unaweza kudhani ni makazi ya mzee tu mstaafu. Lakini historia ya Bandol nzima imepita kwenye meza ya nyumba ile, kwa hiyo nivumilieni niisimulie kwa kifupi.

Karne ya 19, kuanzia miaka ya 1860, Ufaransa ilivamiwa na mdudu mdogo kutoka Marekani anayeitwa filoksera. Anakula mizizi ya mzabibu. Alimaliza mashamba karibu nchi nzima. Dawa iliyopatikana ilikuwa kupandikiza mizabibu ya Kifaransa juu ya mizizi ya Kimarekani ambayo mdudu haiwezi. Sasa mourvèdre ilikuwa na kiburi, haikupenda kupandikizwa. Tena inachelewa kuiva, na haizai sana. Wakulima wa pale wakapiga hesabu (kama mimi) wakaona haina maana, wakapanda aina zinazojaza ndoo. Mvinyo ukawa mwingi na wa bei ya chini, na ule wa zamani ukabaki hadithi.

Mwaka 1936 binti wa familia ya Tempier, Lucie, ambaye dunia nzima ilimjua kwa jina la Lulu, akaolewa na kijana anayeitwa Lucien Peyraud. Inasimuliwa kwamba baba mkwe alimwonjesha Lucien chupa ya zamani ya shamba lile, ya kabla ya mdudu, na kijana akapata wazimu wa maisha. Akaanza kuuliza wazee: hii ilitokana na nini? Wakamjibu: mourvèdre. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, vita vikiwa vinaendelea, Lulu na Lucien wakahamia shambani, wakaanza kuirudisha. Lucien akawa mstari wa mbele kuipigania sheria ile ya 1941. Sheria yenyewe ilianza kwa kudai kiasi kidogo tu cha mourvèdre, kisha kikapandishwa pole pole miaka ilivyokwenda hadi kufika nusu. Hawakumlazimisha mkulima ang'oe kila kitu kwa siku moja. Lucien alifariki mwaka 1996. Lulu aliishi mpaka Oktoba 2020, akiwa na miaka 102.

Haya, sasa tuonje.

Dada aliyetupokea alipanga glasi na kuweka ndoo ndogo pembeni. Nikadhani ni ya barafu. Kumbe ni ya kutemea! Unaonja, unazungusha mdomoni, unatema. Jamani, mimi ni Mgogo, nimekulia mahali pa ukame. Kitu cha kunywa hakimwagwi. Lakini nilikuwa kazini, nikatema kwa uchungu mkubwa.

Kwanza ni rosé. Hii ni zabibu nyekundu, mourvèdre na wenzake grenache na cinsault, lakini juisi hutenganishwa mapema na maganda, ndiyo maana rangi inabaki hafifu kama ganda la kitunguu. Nilitegemea utamu wa soda. Hakuna sukari hata chembe. Ni mkavu, una uchachu kama ndimu, na mwishoni kuna kitu kama chumvi. Bandol ya leo sehemu kubwa ya mvinyo wake ni rosé, na Tempier walianza kuiweka kwenye chupa mwaka 1943.

Pili ni mweupe, mchache sana, unaotokana hasa na zabibu ya clairette. Harufu yake ni ya mimea ya kilimani na ua. Dada akasema huu ni wa samaki wa kuchoma na viumbe wa gamba.

Halafu wekundu. Ule wa kawaida ambao siku hizi una majina ya Lulu na Lucien, kisha ile ya mashamba maalumu: La Migoua, iko juu zaidi kilimani ikizungukwa na vichaka, La Tourtine, kwenye ngazi zinazotazama kusini chini ya kijiji cha Le Castellet, na Cabassaou, kipande kidogo kilichojificha na upepo mkali wa mistral, ambacho karibu chote ni mourvèdre mizee. Watu wa kule wana msemo kwamba mourvèdre inapenda kuiona bahari. Inahitaji joto na jua la muda mrefu, na unyevu kidogo kutoka pwani.

Nilipoweka Tourtine changa mdomoni nikakunja uso. Ukakasi! Ule ukakasi wa bibo bichi, ulimi unakauka, mashavu yanavutana. Nikajisemea, mvinyo wa fedha zote hizi na bado unakaza mdomo? Bibi akacheka. Akasema, "Hujala." Kisha akalipa chupa mbili, tukaondoka. Na kuanzia hapo ndipo nilipopata elimu.

Ijumaa kwa watu wa Provence ni siku ya aioli. Wanatwanga kitunguu saumu kwenye kinu kidogo cha marmari, wanatia ute wa yai, halafu mafuta ya zeituni tone kwa tone huku mchi haupumziki, mpaka inakuwa nzito kiasi cha kijiko kusimama. Bibi akanipa mchi. Nilitwanga nikakumbuka mama yangu na karanga. Aioli inaliwa na samaki wa chumvi aliyechemshwa, viazi, karoti, maharage machanga, mayai. Kabla yake alileta mkate na tapenade, yaani zeituni nyeusi zilizotwangwa na samaki wadogo wa chumvi jamii ya dagaa.

Nikala kitunguu saumu kile kikali, mafuta yakajaa mdomoni, nikanywa rosé ya baridi. Msomaji, ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Ule uchachu ulikata mafuta, mdomo ukawa safi, nikataka tonge lingine. Ndipo nikaelewa kwamba nilichokuwa nakiona kule kwenye kuonja kama uchachu tupu kilikuwa nusu ya sentensi. Nusu nyingine ilikuwa kwenye sahani. Na usije ukasema haya ni mambo ya Wazungu. Wewe nyama choma unaila bila ndimu? Samaki wa kukaanga unamla bila ndimu? Ni kitu kilekile.

Jioni tulikula supu ya samaki, bibi akanieleza habari za bouillabaisse, ambayo ndiyo sifa ya pwani yote ile. Asili yake ni chakula cha wavuvi, waliochemsha samaki wa miiba ambao wateja hawakuwataka. Leo ni chakula cha bei mbaya. Wanaweka nyanya, shamari, zafarani na ganda la chungwa. Mchuzi unaliwa kwanza na mkate uliopakwa kitunguu saumu na pilipili, samaki wanafuata kwenye sahani yao. Lulu alikuwa akiipika nje, kwenye sufuria kubwa la shaba juu ya moto wa kuni, na Mmarekani aliyekuwa akiishi milima ya karibu, Richard Olney, aliandika kitabu kizima kuhusu mapishi yake, kikatoka mwaka 1994. Rosé ndiyo mwenzake wa kawaida. Lakini bibi alisema wapo wanaopenda kuinywa na mwekundu mchanga uliopozwa kidogo, na kwamba ile kanuni ya "samaki na mweupe, nyama na mwekundu" ni ya watu wasiopika. Zafarani na kitunguu saumu vina nguvu ya kubeba mwekundu, akasema.

Jumamosi mchana ndiyo ikaja siku ya Tourtine. Bibi alichoma paja la mwanakondoo lililopakwa kitunguu saumu na zaatari, mafuta yakawa yanadondoka yanachuruzika. Mvinyo alikuwa ameumimina kwenye jagi saa mbili kabla. Nikakata nyama, nikatafuna, nikanywa. Ukakasi hauko! Nakuapia, mvinyo uleule. Palepale pakatokea harufu ya matunda meusi, ngozi, pilipili manga, na majani ya kilimani.

Bibi kwa ualimu wake akaeleza. Ukakasi unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Ukiunywa mtupu unashika protini za mate yako, ndiyo maana ulimi unakauka. Ukiwa na nyama mdomoni, unapata kitu kingine cha kushika, na chumvi nayo inapunguza uchungu. Mvinyo unalainisha nyama, nyama inalainisha mvinyo. Ukiuweka chini miaka kumi au zaidi, ukakasi unatulia wenyewe, na hapo unakunywa na nyama ya porini, uyoga, au jibini la kondoo. Akaonya juu ya kitu kimoja: pilipili kali sana na mwekundu wenye kilevi kingi havipatani, mdomo unawaka moto. Hilo nilitaka kulijua, kwa ajili ya pilipili zetu.

Baada ya kula nilitoka kutembea. Pale juu unaona vyote kwa mara moja: mizabibu, kuta za mawe, na huku chini kuelekea bahari nyumba za kifahari zenye mabwawa ya kuogelea. Kila kipande cha ardhi ile kingeuzwa kwa mtu wa Paris kesho asubuhi. Yule bwana mwenye gari zuri yuko kila mahali duniani. Nikawaangalia wavunaji kwenye ngazi ya chini yangu, mzee mmoja ameinama, kisu kidogo mkononi, anakata kichala, anakigeuza, anatoa punje mbovu, anaweka. Ni ishara ileile ya baba. Ile ya kukigeuza kichala. Sikuwahi kujua kwamba ni ishara ya kazi, nilidhani ni tabia ya baba.

Nikakaa juu ya ukuta. Sitaki kuwadanganya kwamba nililia. Lakini nilikaa.

Usiku nikampigia simu. Shikamoo baba. Marahaba, umekula? Nikamwambia nimekula. Nikamwambia, "Baba, lile neno langu nalirudisha. Usiandikishe kitu mpaka nije." Akauliza kuna nini. Nikasema sijui vizuri, nitakuja na chupa. Akacheka: "Unaniletea mvinyo mimi? Hombolo?"

Sasa hapa naomba nisiwe mjinga mara mbili. Mara ya kwanza nilipiga hesabu bila moyo, nisije nikafanya moyo bila hesabu. Bandol haikuokolewa na mapenzi peke yake. Wana sheria inayolinda jina lao. Wana mapipa, kwa hiyo wana uwezo wa kusubiri. Mkulima wa Bandol akivuna Septemba, mvinyo wake mwekundu anaweza kuuza miaka miwili baadaye. Baba yangu akivuna Septemba, ana wiki moja. Nimefika kuamini kwamba umaskini wa mkulima ni kukosa uwezo wa kusubiri, na kila anayenunua zabibu mbichi analijua hilo.

Na wana kitu kingine, ambacho kwangu kilikuwa kipya kabisa: wana meza. Wanunuzi, wapishi na waandishi walikuja pale Tempier wakakalishwa kwa Lulu, wakala, na waliporudi makwao walikumbuka mvinyo pamoja na kile chakula. Sisi Dodoma nani aliwahi kutuambia mvinyo wetu unaliwa na nini? Tunaujua wa harusini, mtamu, kwenye vikombe vya plastiki. Baba amelima zabibu zaidi ya miaka thelathini na hajawahi kunywa mvinyo mkavu na chakula hata siku moja.

Basi niliporudi nilipanda basi kwenda Dodoma, chupa ya pili ya Tourtine nimeifunga ndani ya suruali mbili. Bei yake sitaitaja, mama naye husoma hapa. Jumamosi tukaenda mnadani Msalato, baba, mimi na jirani zake watatu. Tukaagiza mbuzi. Nilikuwa nimenunua mjini pia chupa ya mwekundu mkavu wa zabibu zetu za Makutupora. Nikafungua zote mbili mapema zikapumua, nikaomba vikombe vya glasi kwa mama ntilie.

Nikawanywesha kwanza bila nyama. Wote wanne wakakunja uso kama mimi kule. Jirani mmoja akasema, "Hii imeharibika." Nikasema, hamjala. Nyama ikaja, mafuta yanang'aa, chumvi ipo, pilipili nikaificha. Wakala, wakanywa tena. Kimya. Baba akarudia. Akachukua ile ya Ufaransa, akachukua ya kwetu, akaenda huku na huku kama mtu anayesuluhisha ugomvi. Ya Ufaransa ilikuwa na kina zaidi, hilo hata jirani wa "imeharibika" alilisema. Lakini ya kwetu na mbuzi yule wa Msalato haikuaibika hata kidogo.

Baba akageuza glasi polepole, akasema: "Kumbe zilikuwa zinangoja nyama."

Nilitamani mwisho uwe mzuri kama sinema, lakini maisha ni ada. Baba ameuza nusu ekari, ile ya barabarani ambayo mizabibu yake ilikuwa michovu. Mdogo wangu yuko chuoni. Ekari moja imebaki, na ndani yake ile mistari ya zamani iliyonisomesha. Jumamosi iliyopita baba na wale majirani watatu waliandikishana kwa mwenyekiti, lakini si mauzo. Wamekubaliana kwamba sehemu ya zabibu zao za msimu ujao haitauzwa mbichi. Wataipeleka kwa msindikaji mdogo awasindikie kwa malipo, mvinyo mkavu, na mvinyo ubaki mali yao mpaka wao waamue kuuza. Gharama ya kuanzia nimechangia mimi, mshahara wa mwezi mmoja na nusu. Yaweza kugeuka siki. Hilo nimemwambia baba, na yeye kaniambia siki nayo inaliwa na kachumbari.

Kwa hiyo wale mtakaoniona mjini nakula mihogo mchana kutwa, sababu mnaijua. Na ukipita Dodoma siku ya mnada, agiza mbuzi, tafuta mwekundu mkavu wa kwetu, pilipili iweke kando kwanza. Halafu kula ndipo unywe. Kwa mpangilio huohuo.

Wikiendi njema.